Pistoni Iliyokwisha Tumika Isihukumiwe kwa Macho

Katika nchi ya Uingereza wako watu wengi, wazee kwa vijana, ambao hujishughulisha na kazi ya kuzifufua pikipiki za mashindano zilizoundwa baina ya miaka ya 1930 na 1960, kisha kuzikimbiza tena katika mashindano maalumu ya vyombo vya zamani. Pikipiki hizo, kama vile Norton Manx, Velocette na BSA Gold Star, si vyombo vya makumbusho tu; huwashwa, hunguruma, na hukimbizwa kwa nguvu zao zote. Lakini viwanda vilivyoziunda vilikwisha acha kazi hiyo zamani. Gold Star ya asili ilikoma kutengenezwa mwaka 1963, na kiwanda cha Velocette kilifungwa mwaka 1971. Kwa sababu hiyo vipuri vya asili ni haba, na mara nyingi fundi anayeunda injini ya namna hiyo hujikuta ameshika mkononi pistoni iliyokwisha tumika na mtu mwingine, pengine miaka 60 iliyopita. Hapo ndipo linapozuka swali: je, airudishe pistoni hiyo katika injini, au aiweke kando?

Mwanafunzi wa sekondari wa Afrika Mashariki aweza kuliona swali hili kuwa la mbali na la watu wenye pesa za kuchezea. Mimi sikubaliani naye. Nilipokuwa nikisoma ng'ambo nilipata nafasi ya kuwasikiliza mafundi wa pikipiki hizo wakibishana, nami niliona kwamba ubishi wao haukuwa juu ya pikipiki hasa. Ulikuwa juu ya jambo ambalo kila mhandisi, fundi na mwalimu wa sayansi hana budi kulikabili, yaani namna ya kuutambua uimara wa kitu ambacho maisha yake yaliyopita hayaonekani kwa macho.

Maoni yangu nitayasema waziwazi tangu mwanzo. Pistoni iliyokwisha tumika yaweza kutumika tena katika injini ya mashindano, lakini kwa sharti kwamba saa ilizofanya kazi zinajulikana na kwamba imepimwa sawasawa. Ile ambayo historia yake haijulikani, hata kama inang'aa kama sarafu mpya, haifai kukimbizwa. Msimamo huu utawaudhi wale wanaotupa kila kilichotumika, na utawaudhi pia wale wanaosema kwamba kilichodumu kimekwisha jithibitisha. Yafaa basi nieleze sababu zake.

Mzigo Unaobebwa na Pistoni

Kwanza tuupime mzigo wenyewe. Tuchukue mfano wa BSA Gold Star yenye injini ya sentimeta za ujazo 500. Kipenyo cha silinda yake ni milimeta 85, na pistoni husafiri milimeta 88 kutoka kikomo cha juu hadi kikomo cha chini. Tuseme injini hiyo inazunguka mara 7000 kwa dakika, mwendo ambao ni wa kawaida kwake katika mashindano. Kwa kila mzunguko pistoni hupanda mara moja na kushuka mara moja, kwa hiyo mwendo wake wa wastani ni kiasi cha meta 20.5 kwa sekunde. Mwendo huo peke yake si wa kutisha. Kinachotisha ni kwamba katika kila mzunguko pistoni husimama kabisa mara mbili na kugeuka kurudi ilikotoka.

Mwanafunzi wa fizikia atakumbuka kwamba kitu kinachozunguka katika duara huwa na mchapuko unaoelekea katikati ya duara, nao hupatikana kwa kuzidisha nusu ya kipenyo cha duara kwa mraba wa kasi ya mzunguko. Hapa nusu kipenyo cha kranki ni meta 0.044, na mizunguko 7000 kwa dakika ni sawa na radiani 733 kwa sekunde. Jibu ni kama 23,600 kwa kipimo cha meta kwa sekunde kwa sekunde. Pistoni inapofika kikomo cha juu, mchapuko wake huongezeka zaidi kwa ajili ya mwinamo wa konrodi. Ikiwa urefu wa konrodi ni mara nne ya nusu kipenyo hicho, nyongeza ni robo, na jumla hufika 29,500 hivi. Hii ni mara 3000 ya mchapuko wa kitu kinachoanguka kwa uzito wake.

Sasa tukadirie kwamba pistoni pamoja na pini na ringi zake ina gramu 400. Kani inayotakiwa kuizuia isiendelee kwenda juu ni kama nyutoni 11,800. Ni kama kwamba mtu ameufunga mzigo wa kilo 1200 kwenye kichwa cha pistoni na kuuning'iniza. Mwishoni mwa pigo la kutolea moshi hakuna gesi yenye nguvu inayosukuma kutoka juu ili kuipunguza kani hiyo. Mzigo wote huvutwa na sehemu mbili ndogo za alumini zinazoishika pini. Baada ya mzunguko mmoja mambo hugeuka. Petroli inapowaka, ikiwa shinikizo la juu kabisa ni mara 60 ya shinikizo la hewa, kichwa hicho hicho husukumwa chini kwa kani ya nyutoni 34,000 hivi, yaani uzito wa tani tatu na nusu.

Basi pistoni huvutwa na kusukumwa, huvutwa na kusukumwa, mara 3500 kwa kila dakika. Katika saa moja ya mbio, mapigo kamili ya namna hiyo ni 210,000. Katika saa 50 yanapita milioni kumi.

Metali Huchoka

Katika vitabu vingi vya shule, uimara wa metali huelezwa kwa tarakimu moja: mkazo kiasi fulani huikata. Mwanafunzi hutoka darasani akiamini kwamba mkazo ukiwa chini ya kiasi hicho metali iko salama milele. Jambo hilo si kweli, na watu walilijua kwa gharama kubwa. Tarehe 8 Mei, 1842, ekseli ya garimoshi ilikatika karibu na Versailles, Ufaransa, na zaidi ya watu 50 walikufa kwa ajali na moto. Ekseli hiyo haikubebeshwa mzigo usio wa kawaida siku hiyo. Ilikuwa imeubeba mzigo ule ule mara nyingi mno.

Katika miaka iliyofuata, mhandisi Mjerumani August Wöhler alifanya majaribio marefu juu ya ekseli za reli, na mwaka 1870 alikuwa amekwisha yatangaza matokeo yake. Alionyesha kwamba metali yaweza kukatwa kwa mkazo ulio chini sana ya ule wa kuikata mara moja, mradi mkazo huo urudiwe mara za kutosha. Jambo hili huitwa uchovu wa metali. Ufa mdogo usioonekana huanzia mahali penye mkwaruzo, kona kali au doa la uchafu katika metali. Kila pigo huusogeza kidogo sana. Na siku sehemu iliyobaki inaposhindwa kuubeba mzigo, kitu hukatika ghafla bila kupinda.

Kuna tofauti moja kubwa ambayo kila anayeshika pistoni yampasa aijue. Vyuma vingi vya pua huonekana kuwa na kikomo: mkazo ukiwa chini ya kiasi fulani, hata urudiwe mara milioni kumi, kitu hakikatiki. Aloi za alumini hazina kikomo dhahiri cha namna hiyo. Kadiri mapigo yanavyoongezeka ndivyo mkazo unaovumilika unavyozidi kupungua. Ndiyo kusema kwamba pistoni ya alumini ina akiba ya mapigo, na kila dakika ya mbio hutumia sehemu ya akiba hiyo, wala mapumziko ya miaka 40 rafuni hayairudishi.

Wasomaji watakumbuka ndege za Comet, ndege za kwanza za abiria za injini za jeti, ambazo mbili kati yake zilivunjika angani mwaka 1954, moja karibu na kisiwa cha Elba mwezi Januari na nyingine karibu na Naples mwezi Aprili. Wachunguzi wa Farnborough waliitia ndege nyingine ya aina hiyo katika tangi la maji na kuipandisha na kuishusha shinikizo mara nyingi, mpaka kiwiliwili chake cha aloi ya alumini kikapasuka kwa uchovu. Hakuna mkaguzi aliyekuwa amezembea kuzitazama ndege hizo kabla hazijaruka. Kutazama tu hakukutosha.

Hoja ya "Imekwisha Jithibitisha"

Hoja ninayoisikia mara nyingi kwa mafundi ni hii: pistoni hii ilikimbia misimu mitano bila kuvunjika, kwa hiyo ni imara kuliko mpya ambayo haijajaribiwa. Hoja hii ina ukweli kidogo, na ukweli huo tuukubali. Pistoni iliyosubuwa vibaya, yenye tundu kubwa la hewa ndani yake, aghalabu huvunjika mapema. Iliyopita saa za kwanza imethibitisha kwamba haina kasoro kubwa ya namna hiyo.

Lakini kutoka hapo hoja huteleza. Kuvumilia mapigo milioni kumi hakuthibitishi kwamba kitu kitavumilia milioni kumi nyingine, kama vile mshumaa uliowaka saa tano hauthibitishi kwamba utawaka tano zaidi. Kwa metali isiyo na kikomo cha uchovu, utumishi mrefu ni gharama iliyokwisha lipwa kutoka katika akiba. Isitoshe, pistoni tunazoziona rafuni ni zile zilizosalia tu. Zile zilizovunjika ziliyeyushwa zamani, wala hakuna anayezionyesha kwa wageni. Anayehesabu waliosalia peke yao atadhani kwamba hakuna aliyepotea.

Palmgren wa Sweden mwaka 1924 na Miner wa Marekani mwaka 1945 walitupatia kanuni rahisi ya kufanyia hesabu hii. Ikiwa kwa mkazo fulani kitu kina uhai wa mapigo milioni 20, na kimekwisha pata milioni 5, basi kimetumia robo ya uhai wake. Kikipata mikazo ya namna mbalimbali, tunajumlisha visehemu vyote, na jumla ikikaribia moja tunajua kwamba mwisho u karibu. Kanuni hii ni ya makadirio, na wataalamu huitumia kwa tahadhari, lakini inafunza jambo la msingi: bila kujua mapigo yaliyopita, hesabu haiwezi hata kuanzishwa.

Tena lipo jambo la mwendo uliopita kiasi. Kani ya kuivuta pistoni huongezeka kwa mraba wa mizunguko. Mwendeshaji akikosea gia na injini ikaruka kutoka 7000 hadi 7700, mizunguko imeongezeka kwa asilimia 10, lakini kani imeongezeka kwa asilimia 21. Tukichukua, kwa mfano tu, kwamba uhai hupungua kwa kipeo cha sita cha mkazo, basi kila pigo katika mwendo huo hula akiba mara tatu ya pigo la kawaida. Nani ajuaye mwendeshaji wa mwaka 1961 alikosea gia mara ngapi? Pistoni yenyewe haisemi.

Joto Nalo Hufanya Kazi Yake

Pistoni za awali zilikuwa za chuma cha kusubu. Alumini ilipendelewa kwa kuwa ni nyepesi, uzito wake ukiwa mara 2.7 ya maji ilhali chuma cha kusubu ni mara 7 na zaidi, na kwa kuwa hupitisha joto upesi zaidi. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza W. O. Bentley alikwisha zitumia pistoni za alumini katika magari aliyoyashindanisha, na wakati wa vita hivyo maabara ya taifa ya fizikia ya Uingereza ilibuni aloi iliyoitwa Y, yenye shaba asilimia 4, nikeli asilimia 2 na magnesi asilimia 1.5, ili kuvumilia joto la injini.

Aloi nyingi za namna hii hupata nguvu zake kwa kupashwa moto, kuzimwa ghafla, kisha kuachwa au kupashwa tena polepole hadi chembe ndogo sana zijitenge ndani ya metali na kuizuia isiteleze. Alfred Wilm wa Ujerumani ndiye aliyeligundua jambo hili mwaka 1906. Kwa bahati mbaya, kilichotengenezwa kwa joto huweza kuharibiwa kwa joto. Upashaji wa mwisho kiwandani aghalabu hufanyika karibu na nyuzi 200 za Selsiasi, na kichwa cha pistoni ya mashindano chaweza kupita nyuzi 250. Chembe zile hukua na kupungua idadi, na metali hulegea. Pistoni iliyowahi kupata joto la kupindukia, kwa sababu ya mchanganyiko wenye petroli kidogo mno au moto uliowashwa mapema mno, yaweza kusuguliwa ikarudi kung'aa huku kichwa chake kimepoteza sehemu kubwa ya ugumu. Macho hayawezi kuutambua ulegevu huo, lakini kipimo cha ugumu huugundua kwa dakika chache.

Kipya Kinyemi

Baada ya hayo yote, msomaji aweza kusema: jibu ni rahisi, nunua pistoni mpya. Wahenga walituonya: kipya kinyemi, kingawa kidonda. Pistoni mpya inayouzwa leo kwa ajili ya pikipiki ya mwaka 1958 haikutoka katika kiwanda kilichoitengeneza ile ya kwanza. Imeigwa, wakati mwingine na watu hodari wanaoifua kwa aloi bora kuliko ya zamani, wakati mwingine na watu ambao hawasemi wametumia aloi gani.

Hata iliyo bora huleta maswali yake. Uzito wake ukiwa tofauti, mizani ya kranki hubadilika na injini hutetemeka kwa namna nyingine. Aloi yake ikiwa tofauti, hupanuka kwa kiasi kingine. Pistoni ya milimeta 85 yenye aloi inayopanuka sehemu 21 katika milioni kwa kila nyuzi moja, itapanuka milimeta 0.18 kwa kila nyuzi 100. Mkebe wa chuma wa silinda utapanuka nusu ya hapo tu. Tofauti hiyo ya milimeta 0.09 ndiyo nafasi ambayo fundi hana budi kuiacha wakati injini ikiwa baridi. Akiifuata nafasi ya aloi ya zamani kwa pistoni ya aloi mpya inayopanuka zaidi, pistoni itauma silinda katika mzunguko wa kwanza wa mbio.

Kwa hiyo nasema bila kusita: pistoni ya asili, iliyofanya kazi saa 10 zilizoandikwa daftarini, iliyopimwa na kuonekana haina ufa wala ulegevu, ni bora kuliko mpya isiyojulikana aloi yake. Thamani yake inatokana na habari zake, si na upya wala ukuukuu wake.

Namna ya Kuikagua

Ukaguzi una hatua zake, nazo zafaa kufuatwa kwa utaratibu. Kwanza ni historia: imetumika saa ngapi, katika injini gani, je, imewahi kuuma silinda au kupunguzwa uzito kwa kuchongwa? Wakimbizaji wa zamani walipenda sana kuchonga pistoni ili iwe nyepesi, au kuchimba kichwa chake ili vali zipate nafasi, na kila kona kali iliyoachwa na chombo ni kitalu cha ufa.

Pili ni vipimo. Pistoni si duara kamili. Hufanywa yai kidogo na kupunguzwa kuelekea juu, ili ipatapo joto ndipo iwe mviringo. Kwa hiyo hupimwa kwa mikrometa katika sketi yake, kwa upande ulio mkingamo na pini, na kipimo hulinganishwa na cha silinda. Ikiwa silinda imekwisha chongwa kuwa kubwa zaidi, mjadala umekwisha: pistoni hiyo haifai hata ikiwa nzima. Kisha hupimwa mifereji ya ringi. Mfereji uliolika huiacha ringi ichezecheze, gesi hupita kwenda chini, na hata ringi mpya haisaidii. Hupimwa pia tundu la pini na vijifereji vya klipu zinazoizuia pini isitoke.

Tatu ni kutafuta nyufa. Pistoni huoshwa mpaka isiwe na masizi hata kidogo, hupakwa rangi nyekundu nyembamba yenye kupenya, huachwa kwa muda, hufutwa, kisha hunyunyiziwa unga mweupe. Ufa uliomeza rangi huitapika katika unga, na mstari mwekundu hujitokeza. Mahali pa kuangalia zaidi ni pale pini inaposhikwa, kwenye matundu ya kurudishia oili nyuma ya ringi ya chini, na mahali sketi inapoungana na kichwa.

Nne ni ugumu wa kichwa, kama nilivyoeleza.

Hata hivyo, ukaguzi una mpaka wake. Rangi huonyesha ufa uliokwisha fika juu. Sehemu kubwa ya uhai wa kitu hupita kabla ufa haujafikia kiasi cha kuonekana. Pistoni isiyoonyesha mstari mwekundu yaweza kuwa imetumia asilimia 10 ya uhai wake, au 80. Ndiyo sababu nalipa daftari la saa za kazi uzito kuliko chupa ya rangi, na ndiyo sababu naona kwamba ukaguzi peke yake hauwezi kuihalalisha pistoni isiyojulikana ilikotoka.

Nani Anayeibeba Hatari?

Wapo watakaosema kwamba hii ni starehe ya watu binafsi, na mtu ana haki ya kuihatarisha injini yake. Ingekuwa injini tu, ningekubali. Lakini pistoni inapokatika, konrodi hubaki ikipiga huku na huku ndani ya silinda, na mara nyingi injini hukwama papo hapo. Mwendeshaji asipowahi kuvuta klachi, gurudumu la nyuma hufunga na pikipiki humtupa. Oili humwagika barabarani, na wanaokuja nyuma yake kwa mwendo wa kilometa 150 kwa saa huikuta bila habari. Mwenye kuweka pistoni ile alikuwa karakanani. Walioanguka pengine hawakuijua kamwe. Mtu aweza kuichezea mali yake, lakini si viungo vya wenzake.

Mizani hii ya hatari ndiyo inayonifanya nisiwalaumu mafundi wa gereji zetu wanaorudisha pistoni iliyotumika katika injini ya pampu ya maji au ya mashine ya kusaga. Injini inayozunguka nusu ya mwendo ule huvuta pistoni yenye uzito ule ule na safari ile ile kwa robo tu ya kani ile, na ikivunjika hasara ni kusimama kwa kazi na gharama ya matengenezo. Hapo vipimo vya kulika na ukaguzi wa nyufa vyaweza kutosha. Fundi huyo akiamua hivyo kwa hesabu, ni mwanasayansi. Akiamua hivyo kwa mazoea tu, amebahatisha. Na akiichukua desturi hiyo hiyo akaihamishia kwenye pikipiki inayobeba abiria kwa mwendo mkali, amesahau kwamba mzigo umebadilika.

Kwa Walimu na Wanafunzi

Naona ni upungufu kwamba mwanafunzi wetu anaweza kumaliza masomo ya fizikia bila kulisikia neno uchovu wa metali, ilhali anaishi kati ya mabasi, madaraja, madishi ya redio na mashine ambazo zote zaweza kupatwa na ugonjwa huo. Wala kulifundisha hakuhitaji maabara ya fedha nyingi.

Mwalimu aombe pistoni zilizotupwa katika gereji iliyo karibu. Wanafunzi wazipime uzito na kipenyo katika sehemu mbalimbali, wagundue wenyewe kwamba si duara, kisha wahesabu kani kwa mizunguko tofauti na kuchora grafu. Watauona mraba ukijitokeza mbele ya macho yao. Wachukue vipande vya waya wa aina moja, wavipinde kwa pembe kubwa, ya kati na ndogo, na kuhesabu mara ngapi kila kimoja huvumilia kabla ya kukatika. Upindaji wa namna hiyo ni mkali kuliko ule wa pistoni, lakini mchoro watakaoupata utakuwa na ukoo na ule wa Wöhler. Mwisho, wajaribu kutafuta nyufa kwa mafuta ya taa na unga wa chaki, mbali na moto, kwa njia ile ile ya rangi niliyoieleza: mafuta hupakwa na kuachwa yapenye, hufutwa, chaki hupakwa, na ufa hujichora.

Baada ya hapo mwalimu aiweke mezani pistoni moja safi inayong'aa, asiseme ilikotoka, na awaulize wanafunzi kama wangeipanda. Atakayejibu ndiyo kwa sababu inapendeza, na atakayejibu siyo kwa sababu ni kuukuu, wote wawili warudishwe kwenye vipimo vyao. Atakayeuliza kwanza, "Imefanya kazi saa ngapi, na kwa mizunguko mingapi?" huyo ameelewa somo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee wetu. Lakini kabla ya kuuziba ni sharti tujifunze kuutafuta, na kuyaandika daftarini yale yanayousababisha.